Fundi Mshazari na Gari Lililopewa Uso wa Marehemu

Saa mbili kasorobo asubuhi, gari lenye umri wa miaka arobaini na saba limekaa karakanani bila uso. Halina taa, halina boneti, halina bampa, halina magurudumu ya mbele. Kuanzia kioo cha mbele kurudi nyuma ni gari kamili la rangi ya maziwa, lenye viti vyake na hata mto mdogo wa kuegemea. Kuanzia kioo kwenda mbele ni hewa.

Hatua tatu pembeni, juu ya jeki mbili, uko uso. Ni wa kijani. Una kila kitu ambacho mwenzake hana, na zaidi ya hapo hauna chochote.

Kati ya hivyo viwili amechuchumaa mwanamume wa miaka hamsini na sita, chaki nyuma ya sikio, uzi wa mjenzi umezungushwa kiganjani. Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Anapumua kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani ambao hakuusomea.

"Leo yanaoana," anasema.

"Au yanapeana talaka," anajibu fundi injini wa karakana hiyo, aitwaye Profesa kwa sababu huvaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na huwa anaitafuta ya tatu.

Jina ambalo fundi huyu wa bodi alipewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho chake, na huko ndiko linakokaa. Nyumbani anaitwa Baba Pacha. Karakanani, kwa miaka kumi na minne sasa, anaitwa Mshazari.

Jina hilo halikutoka hewani. Miaka hiyo kumi na minne iliyopita aliunga mbele ya teksi moja iliyogonga nguzo. Alikata mbele iliyosagika, akachukua mbele ya gari jingine la aina hiyo hiyo, akachomelea, akaziba mshono kwa puti, akapaka rangi. Mwenye teksi alikuja, akasifu, akashika usukani, akaondoka.

Waliokuwa kando ya barabara siku hiyo wanakumbuka tukio hilo kwa heshima. Teksi ilikuwa ikienda mbele huku ikitazama maduka ya upande wa kulia. Mbwa aliyekuwa amelala upande huo alinyanyuka akahama, ingawa gari lilikuwa bado mbali. Abiria wa kwanza aliomba kushuka kabla ya kona, akisema amekumbuka jambo. Saa tisa alasiri mwenye teksi alirudi, na ilimchukua majaribio matatu kuingiza gari langoni.

Chanzo kilikuwa utepe wa kupimia. Fundi anapounga gari hupima kona kwa kona: kushoto nyuma hadi kulia mbele, kisha kulia nyuma hadi kushoto mbele. Vipimo viwili vikilingana, gari limenyooka. Mshazari alipima kona ya kwanza kwa utepe wake. Kabla hajapima ya pili, seremala wa jirani akaja kuuazima, "mara moja tu, narudisha." Fundi akachukua utepe mwingine uliokuwa mezani, ambao ncha yake ilikuwa imekatika zamani na mtu akairudishia kwa msumari wa ribiti, pungufu kwa sentimita mbili.

"Tepe zote mbili zilinipa namba moja," anasema. "Nikafurahi. Nikawasha mashine."

Mwenye karakana alitoa amri siku iliyofuata: Mshazari asikate gari tena. Mabonde anyooshe, rangi apake, milango airekebishe. Grenda ya kukatia ikipita mbele yake, aipishe.

Kunyoosha mlango mmoja humpatia pesa ya matumizi ya nyumbani ya siku mbili. Kuunga mbele ya gari kungempatia kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Tangu amri hiyo itolewe, magari kumi na tisa yaliyohitaji kuungwa yameingia langoni yakaelekezwa karakana nyingine. Hakuna aliyemwomba ayahesabu. Anayakumbuka hata rangi.

"Wala si pesa peke yake," anasema. "Bonde unaligonga kwa nyuma, limetoka, basi. Kuunga gari ndiyo kazi niliyosomea miaka sita. Ni kama umesomea upasuaji, halafu watu wanakuletea vidonda vya magoti."

"Mgonjwa wako wa mwisho alitoka hospitali akitembea kiubavu," Profesa anamkumbusha kutoka chini ya lori.

Gari la rangi ya maziwa ni mali ya mama mkwe wake.

Mama huyo ana miaka sabini na minne. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na moja, na bado huwatazama watu akianzia kwenye pindo. Gari liliachwa na marehemu mumewe, ambaye aliliosha kila Jumamosi, akaling'arisha hadi mtu akaweza kuchania nywele mlangoni pake. Bahati mbaya, aliliegesha miaka tisa chini ya tangi la maji lililokuwa likivuja. Juu liliangaza. Chini, ile mihimili miwili inayobeba injini na magurudumu ya mbele ilikuwa inaliwa na kutu taratibu, bila makelele. Siku moja jirani alibonyeza bampa ili aone kama springi bado zina nguvu, mkono ukaingia.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mizani yake hata kabla ya arobaini ya marehemu kuisha. Mama alimkaribisha, akampa maji ya kunywa, akamrudishia mizani.

Kisha akavaa nguo zake za kutokea, akaenda kwa mwenye karakana.

"Nilimwambia hivi," anasimulia. "Binti yangu nilimpa huyu bwana. Ni mwaka wa ishirini na tano, bado anaye, mzima, hana hata mkwaruzo. Sasa wewe unaogopa kumpa gari?"

Mwenye karakana alimvutia kiti. Alikubali kwa sharti moja. Gari likikamilika litapita mtihani wa maji mbele ya mafundi wote. Likinyooka, amri ya miaka kumi na minne imefutwa. Likienda upande, litapelekwa kwenye vyuma chakavu, na Mshazari hatagusa grenda ya kukatia mpaka astaafu.

Mama alilikubali sharti hilo kwa niaba ya mkwewe.

"Hakuniuliza," anasema Mshazari.

"Ningekuuliza ungekataa," anasema Mama. "Endelea na kazi, baba."

Kazi ilianza kwa kutafuta uso. Gari lililooza mbele hutafutiwa mwenzake aliyeumia nyuma, wa aina ile ile na miaka ile ile, na wenzake wa gari hili wengi walishageuzwa sufuria. Mshazari alizunguka wiki tano kwenye nyua za magari mabovu. Hatimaye alilipata la kijani. Lilikuwa limeegeshwa nje ya posta, dereva yuko ndani ananunua stempu, lori likaja kwa nyuma. Nyuma likawa kama kiti cha kukunja kilichokunjwa. Mbele halikupata hata habari.

Mafundi walilipa jina la Marehemu, na kwa siku mbili walivua kofia kila walipolipita.

Kabla ya kukata chochote, Mshazari alichomelea vyuma vya mraba kwenye nafasi za milango ya gari la Mama, kama mtu anayeweka mbao kwenye mlango wa nyumba inayotaka kuanguka. Gari la namna hii halina shasi ya chini. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukilikata mbele bila kulishikilia, tumbo linalegea na milango haifungi tena. Kisha alikata uso wa Marehemu kwa kuuzidishia vidole viwili, akapunguza kidogo kidogo, akijaribisha na kuutoa, akijaribisha na kuutoa.

"Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu," anasema Mama, ambaye tangu siku ya kwanza amekuwa akija na kiti chake na mwavuli wake, akiketi mita mbili kutoka kazini. "Alikata kama mtu anayejua kwamba kitambaa ni kimoja tu."

Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Mke wake, muuguzi, anasema mumewe alikuwa anaona kona kila mahali. "Juzi nilikuwa napiga pasi sare yangu, akaja akanishika bega hili, akatazama kiuno cha upande wa pili. Nikamwambia Baba Pacha, mimi nimenyooka, nenda kazini."

Basi ndiyo asubuhi hii sasa. Uso wa kijani unasukumwa polepole hadi kwenye mwili wa rangi ya maziwa. Chuma kinagusa chuma. Mshazari anavishikilia viwili hivyo kwa vibanio kumi na sita na kuchukua uzi wake.

Utepe hautumii tena. Anafunga fundo kwenye uzi, analishikiza kona ya nyuma kushoto, anavuta hadi mbele kulia, anafunga fundo la pili. Kisha anauhamishia uzi huo huo upande wa pili.

"Uzi hauna namba," anaeleza. "Kwa hiyo hauna namna ya kunidanganya."

Fundo linaangukia mahali pake. Anarudia mara tatu. Linaangukia pale pale. Anavaa kofia ya kuchomelea na kuweka nukta ishirini na nne ndogo za moto kuzunguka kiungo, za kushikilia tu, kabla ya kuchomelea moja kwa moja.

"Hizo ni bandi," Mama anamweleza Profesa. "Unashikiza kwanza. Ukikosea, unafumua."

"Mama, hapa hatukosei," anasema Profesa, anapiga makofi. Mafundi wawili wa matairi wanapiga pia.

Mama anasimama. Anafunga mwavuli. Anakwenda nyuma ya gari, hatua kumi, anafumba jicho moja.

"Baba, pindo limepanda."

"Pindo gani, Mama?"

"La kushoto. Uso umeinuka kushoto."

"Mama, uzi umekubali. Umeona mwenyewe."

"Uzi umekubali kona kwa kona. Mimi nasema juu na chini. Gauni linaweza kuwa na upana sawasawa huku na huku, na mwenye nguo akilivaa, upande mmoja unamwonyesha goti."

"Lakini hili si gauni, Mama," Profesa anasema kwa adabu zote.

"Ndiyo maana nimenyamaza tangu asubuhi."

Mashahidi watano waliohojiwa wanasema hakuwa amenyamaza tangu asubuhi.

Mshazari alikwenda ubavuni mwa gari. Alifungua mlango wa kushoto, akaufunga. Ulifunga, ila ulitaka kusukumwa kidogo mwishoni. Aliufungua tena, akaufunga tena. Profesa alimsogelea, akashusha sauti, ingawa sauti yake haishuki.

"Bwana, ukifumua sasa hivi watu watasema nini? Mama mkwe amekuona na kosa mbele ya karakana nzima. Choma. Mlango utaulegeza bawaba, utapiga puti, utapaka rangi. Nani atajua?"

Hapo fundi alisema jambo ambalo, kwa ushahidi wa wote waliokuwepo, hakuwahi kulisema kwa miaka kumi na minne.

"Hata ile teksi mlango wake wa kushoto ulitaka kusukumwa," alisema. "Niliuona. Kabla ya rangi, niliuona. Nikaulegeza bawaba, nikaugonga ukakaa, nikajiambia nani atajua."

Fundi matairi alipunguza sauti ya redio yake.

"Nilikuwa nasema ni utepe," aliendelea. "Utepe ulikosea, kweli. Lakini mlango uliniambia."

Mama alirudi kwenye kiti chake, akafungua mwavuli, akatazama mahali pengine kabisa. Baadaye, alipoulizwa alichokuwa anawaza wakati ule, alijibu kwamba alikuwa anahesabu mawingu.

Mshazari aliazima kwa wajenzi wa jirani bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani. Alilijaza maji, ncha moja akaishikilia kwenye kichwa cha springi ya kushoto, nyingine kwenye cha kulia. Maji hutulia usawa mmoja, hata kama anayetazama ana hamu gani. Yalitulia. Upande wa kulia ulikuwa chini kwa unene wa kidole.

Walitafuta sababu kwa nusu saa, na sababu ilipatikana chini ya jeki ya kulia, ambayo ilikuwa imezama ardhini. Sakafu ya karakana hiyo ni udongo ulioshindiliwa, mgumu kama saruji mpaka upate maji. Sehemu hiyo ilikuwa imepata maji. Asubuhi hiyo mtu fulani alimwaga hapo maji ya rejeta ya lori.

Wote walimtazama Profesa. Profesa alihamisha miwani ya kichwani kwenda machoni na ya machoni kwenda kichwani.

"Nilidhani ni mbali," alisema.

Nukta ishirini na nne zilisagwa moja baada ya nyingine. Uso wa kijani ulirudi nyuma hatua tatu. Mshazari aliweka bamba nene la chuma chini ya kila jeki, akaanza upya: vibanio, uzi, bomba la maji, mlango. Safari hii alimwita mama mkwe kabla ya kuwasha mashine.

"Mama, naomba jicho."

Mama alikwenda nyuma hatua kumi. Alifumba jicho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kwa maoni ya Profesa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Shona," alisema.

Kuchomelea kulichukua siku tatu. Chuma kikipata moto mwingi mahali pamoja hujikunja, kwa hiyo alichoma urefu wa kidole kushoto, akavuka, akachoma urefu wa kidole kulia, akangoja vipoe. Kila jioni alipima tena kwa uzi na kwa maji. Injini ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote katika mambo haya, ilirudishwa mahali pake na Profesa, ambaye wiki hiyo alifanya kazi kwa bidii na kumwaga maji yake nje ya lango.

Mtihani wa maji ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi.

Ni mtihani wa zamani na hauhitaji mashine. Ndoo mbili za maji zinamwagwa kwenye sehemu moja ya barabara kavu iliyonyooka. Gari linapita juu yake taratibu, linaendelea mbele, matairi yanaacha alama. Gari likiwa limenyooka, matairi ya nyuma hukanyaga alama za yale ya mbele, au huachana nazo kwa kiasi kile kile pande zote mbili. Likiwa limepinda, upande mmoja alama zinapandana na upande wa pili zinatengana, na kila mtu anaona.

Profesa ndiye aliyeendesha. Mama alikaa kiti cha pembeni ya dereva, mahali alipokaa miaka thelathini, mkoba mapajani. Mwenye karakana alisimama kando ya barabara, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Mafundi kumi na mmoja waliacha kazi, na wateja wawili wakaacha kulalamika.

Mshazari alisimama akiutazama ukuta wa karakana.

"Geuka, bwana," mtu alisema.

"Nasikiliza tu," alijibu.

Gari lilipita, nusu kijani, nusu maziwa, likaingia majini, likatoka, likaenda mita arobaini na kusimama. Mwenye karakana alipiga magoti barabarani kwa suruali yake ya kijivu, ambayo haijawahi kuonekana ikipiga magoti, akaweka kidole kati ya alama ya kushoto ya mbele na ya nyuma. Kidole kimoja. Akaenda kulia, akaweka kidole kile kile. Kidole kimoja.

Alirudi kushoto, akapima tena. Ni mtu mwangalifu.

"Mshazari," aliita.

Fundi aligeuka.

"Jumatatu kuna gari la mkate. Mbele kumeoza. Mwenyewe anasema analo jingine la aina hiyo, limegongwa nyuma. Nilitaka kumpeleka kule kwingine." Alijipangusa magoti. "Utaliweza?"

Mshazari alisema ataliweza. Alilisema kwa sauti ndogo, ikabidi arudie.

Mama alishusha kioo. "Kwa hiyo mnatuacha hapa barabarani?" aliuliza. "Au mnipeleke nyumbani na gari langu?"

Kwa sasa gari lina rangi mbili, na mmiliki amekataa lipakwe mpaka mwezi ujao. Anasema anataka watu wa mtaani kwake wauone mshono kwanza. Jirani aliyebonyeza bampa ameonywa asilikaribie.

Mpango wa Mshazari ni sakafu. Mwenye karakana amempa kona ya upana wa mita nne na urefu wa mita saba aijaze zege, ili jeki isizame tena hata mtu akimwaga mto. Ana mifuko kumi na mmoja ya saruji kati ya thelathini inayotakiwa, na kila kazi ya kuunga itakayopatikana ataitolea mifuko mitano kabla pesa haijafika nyumbani. Mke wake amekubali mitatu. Mazungumzo yanaendelea.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alikuwa tayari amefungua boneti ya gari la mkate. Alichukua chaki akaanza kuchora mstari wa kukatia, polepole, chini ya kioo. Mwenye gari, mtu mpole aliyefika na mikate miwili ya moto kama zawadi, alimwambia hakuna haraka, anywe chai kwanza.

"Nimenyweshwa chai miaka kumi na minne," alisema Mshazari, akaendelea kuchora.